Njaa ya wati: Jinsi amplifaya ilivyojifunza kubeba sauti nzito

Wiki hii tunaiweka kando siasa ya nyumbani na kuigeukia historia ya chombo ambacho kila mpenzi wa muziki amekisikia kikifanya kazi, ingawa ni wachache waliowahi kukitazama: amplifaya, na hasa ile inayoendesha spika za sauti nzito ambazo siku hizi kila mtaa huziita sabufa.

Nianze na kisa kilichonipeleka kwenye historia hiyo.

Mwaka 2011, jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili mashariki mwa London ilikodi ukumbi kwa ajili ya sherehe ya mwaka. Fedha za kiingilio zilikusudiwa kuingia katika mfuko wa kusafirisha maiti, mfuko ambao kila jumuiya ya ughaibuni inao na hakuna anayependa kuutaja. Vyombo tulivikodi pia: sabufa mbili na amplifaya moja iliyobandikwa karatasi yenye maandishi makubwa, "wati 2,000". Hadi saa nne usiku mambo yalikuwa shwari. Kisha ukumbi ukajaa, watu wakaanza kutunza, na fundi akaombwa aongeze besi. Akaongeza. Taa ndogo nyekundu kwenye amplifaya ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, na mwishowe ikabaki imewaka. Sauti ikawa kama ya mtu anayeimba huku amebanwa shingo. Nusu saa baadaye tulisikia harufu ya vanishi inayoungua. Sabufa ya kushoto ilinyamaza kwanza, na ya kulia ikaifuata.

Mwenye vyombo alitudai pauni 640. Zililipwa kutoka katika mfuko wa maiti, kwa kuwa hapakuwa na mfuko mwingine. Wiki tatu baadaye mwenzetu mmoja alifariki dunia hospitalini, na tukaanza kupitisha daftari la michango mlango hadi mlango kwa fedha ambazo tungepaswa kuwa nazo.

Hivi karibuni jumuiya imeamua kununua vyombo vyake yenyewe. Kwa sababu ninafanya kazi redioni, kamati ilidhani kuwa mimi ni fundi, ikanikabidhi jukumu la kuchagua amplifaya ya kuendesha sabufa nne. Mzee wetu, mweka hazina, aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Mwanangu, tununue ya wati ngapi?" Nilimwomba anipe mwezi mmoja. Nilichokikuta ni kwamba swali la wati lina umri wa zaidi ya karne moja, na kwamba waliolijibu kwa haraka wengi wao waliunguza kitu.

Hotuba kabla ya ngoma

Amplifaya haikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Lee de Forest wa Marekani alipobuni valvu yake ya umeme, Audion, mwaka 1906, kilichotafutwa kilikuwa ni kukuza ishara dhaifu za redio na simu. Tarehe 19 Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson alihutubia umati mjini San Diego, California, kwa kutumia vipaza sauti na amplifaya ya kampuni ya Magnavox. Inaelezwa kuwa watu wapatao 50,000 walikuwapo. Kwa hotuba, wati chache tu zilitosha, kwa sababu sikio la mwanadamu ni jepesi mno kwa sauti za katikati, zile zinazobeba maneno.

Kwa sauti nzito mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha michoro iliyoonyesha jinsi sikio linavyokuwa zito kadiri sauti inavyoshuka chini. Ili sauti ya mizunguko 40 kwa sekunde isikike kwa ukubwa uleule wa sauti ya mizunguko 1,000, inahitaji nguvu mamia ya mara zaidi, hata pale muziki unapopigwa kwa kishindo. Wimbi la sauti hiyo nzito lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kulisukuma hewani ni kazi ya misuli, na hapo ndipo sabufa inapopata ulafi wake.

Kuna tukio jingine la maabara hizohizo ambalo wapenda ngoma wanapaswa kulijua. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi kijana aitwaye Harold Black alikuwa kwenye kivuko akielekea kazini Manhattan, wazo likamjia, na kwa kukosa karatasi akalichora kwenye ukurasa wa gazeti la The New York Times. Wazo lenyewe: sehemu ya sauti inayotoka kwenye amplifaya irudishwe mwanzoni kinyumenyume, ili makosa yajisahihishe. Faida yake kwa sabufa ni kubwa kuliko Black alivyoweza kufikiri siku ile. Koni kubwa ya spika ikishasukumwa hupenda kuendelea kucheza yenyewe, kama bembea, na amplifaya iliyojengwa kwa njia hiyo huishika na kuituliza. Besi inayosikika kama ngumi badala ya mvumo inaanzia pale kivukoni.

Kingston hadi Ladbroke Grove

Waliotangulia kuupeleka umeme mwingi kwenye sauti nzito kwa ajili ya watu kucheza hawakuwa wahandisi wa makampuni makubwa. Walikuwa mafundi wa Jamaika. Hedley Jones, aliyejifunza mitambo ya rada katika Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alirudi Kingston na kuanza kujenga amplifaya za valvu kwa mikono yake. Mmoja wa wateja wake alikuwa mfanyabiashara Tom Wong, aliyejulikana kwa jina la Tom the Great Sebastian, ambaye mfumo wake wa sauti ulikuwa miongoni mwa ile ya mwanzo kabisa kisiwani humo. Spika ziliwekwa katika makabati makubwa kama ya nguo, na mashindano yakawa ya wazi: besi ya nani inasikika mtaa wa tatu?

Mtu aliyewahi kupiga santuri kwa Tom, Vincent Forbes au Duke Vin, alizamia meli na kufika Uingereza mwaka 1954. Mwaka uliofuata alianzisha mfumo wake wa sauti katika eneo la Ladbroke Grove, London, unaotajwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo nchini humu. Aliyewahi kupita Notting Hill mwishoni mwa Agosti, wakati wa tamasha la mitaani, anaijua hali ile ya kifua kutikisika kabla ya sikio kusikia wimbo. Duke Vin alifariki mwaka 2012. Nakiri kwamba niliishi London miaka mingi nikidhani tamasha lile ni la mavazi na manyoya tu.

Valvu, hata hivyo, ilikuwa na mpaka wake. Ni ya kioo, ina joto, na inahitaji transfoma nzito ya kutolea sauti, ambayo ikikosa chuma cha kutosha ndiyo ya kwanza kushindwa na masafa ya chini. Tarehe 15 Agosti 1965, Beatles walipopiga katika uwanja wa Shea mjini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000, kampuni ya Vox iliwapatia amplifaya za gitaa za wati 100 kila moja, ambazo kwa wakati ule zilionekana ni kufuru. Mayowe ya wasichana yalizimeza. Ringo Starr alisimulia baadaye kwamba hakuwasikia wenzake, ikambidi awatazame wanavyotikisika ili ajue wamefika wapi katika wimbo.

Mmisionari, transista na moto

Suluhisho lilitoka mahali ambapo sisi watu wa redio ya masafa mafupi tunapaswa kupajua. Clarence Moore alikuwa mhandisi wa redio ya kimisionari ya HCJB mjini Quito, Ecuador, mji ulio juu sana milimani. Huko hewa nyepesi iliufanya umeme wa antena kutoa cheche na kuyala mabomba kwenye ncha zake, naye Moore akabuni antena ya umbo la mraba isiyo na ncha. Aliporudi nyumbani Elkhart, Indiana, alianzisha mwaka 1947 kampuni iliyokuja kujulikana kama Crown. Mwaka 1967 kampuni hiyo ilitoa amplifaya ya transista iitwayo DC300, yenye wati 150 kwa kila upande kwenye mzigo wa omu 8, isiyo na transfoma ya kutolea sauti. Ilifikiriwa kuwa chombo cha maabara. Wanamuziki waliichukua.

Si kila transista ilikuwa na tabia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bob Carver aliuza Phase Linear 700, yenye wati 350 kila upande kwa bei iliyowaduwaza washindani. Mafundi waliipenda, na wakaipa jina la utani lenye neno "moto" ndani yake kwa sababu zisizohitaji maelezo. Wengine hawakuiamini transista bado: Bill Hanley, aliyesimamia sauti ya tamasha la Woodstock mwezi Agosti 1969 mbele ya watu zaidi ya 400,000, alitegemea amplifaya za valvu za McIntosh MC3500, kila moja wati 350.

Mwaka 1974 ndio ninaouona kuwa mwaka wa mgeuko, na ni kwa sababu ya mambo mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni bendi ya Grateful Dead ya California. Mwezi Machi mwaka huo ilizindua kile kilichoitwa Ukuta wa Sauti: mamia ya spika zilizopangwa nyuma ya wanamuziki, zikiendeshwa na makumi ya amplifaya za McIntosh MC2300 zenye jumla ya zaidi ya wati 26,000. Gitaa la besi peke yake lilikuwa na mnara wake wa spika. Jambo la kushangaza ni kwamba wati zile hazikukusudiwa kutumika zote. Zilikuwa akiba. Wajenzi wake walitaka kila pigo, hata lile la ghafla, lipite bila kugusa dari ya amplifaya. Kila MC2300 ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50, na gharama za kuusafirisha ukuta huo ziliichosha bendi. Kufikia Oktoba ukawekwa kando.

La pili ni sinema. Mwezi Novemba studio ya Universal ilitoa filamu ya Earthquake, yaani Tetemeko la Ardhi, pamoja na mfumo ulioitwa Sensurround. Mashine maalumu ilizalisha mvumo wa masafa ya chini kabisa, hadi yale ambayo sikio haliyasikii bali mwili huyahisi, ukapelekwa kwenye spika kubwa za Cerwin-Vega kwa amplifaya za kampuni ya BGW. Katika ukumbi maarufu wa Chinese Theatre mjini Hollywood, ilibidi watandaze wavu chini ya dari ili vipande vya plasta visiwaangukie watazamaji. Hapo dunia ilipata kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida: amplifaya iliyotengwa kwa kazi ya sauti nzito pekee.

Mwaka huohuo, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilipitisha kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani, kwa kuwa uongo ulikuwa umekithiri. Kanuni hiyo haikuvigusa vyombo vya jukwaani. Karatasi yetu ya "wati 2,000" ni mjukuu wa uongo ule.

Mwenye vyombo

Kwa upande wa nyumbani, historia hii ina sura nyingine. Nchini Tanzania, bendi nyingi za muziki wa dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na leo inaendelea kama Msondo Ngoma. Wanamuziki waliajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwimbaji akiondoka aliondoka na koo lake tu. Ndiyo maana neno "vyombo" katika lugha ya muziki wetu lina uzito kuliko gitaa na ngoma zenyewe, na ndiyo maana kamati yetu ilipopiga kura ya kununua badala ya kukodi, wazee walipiga makofi kama vile tumenunua nyumba.

Turudi sasa kwenye swali la mzee.

Mwezi ule nilipata maelezo ya kilichotokea mwaka 2011. Kila sabufa ya kukodi ilikuwa na ukinzani wa omu 8 na uwezo wa kubeba wati 300 za mfululizo. Zilifungwa sambamba upande mmoja wa amplifaya, hivyo mzigo ukawa omu 4. Amplifaya yenyewe, ukiiondolea mapambo, ilitoa wati 500 upande huo. Ungesema inatosha na haizidi. Lakini muziki si mstari ulionyooka. Pigo la ngoma linaweza kuhitaji mara kumi ya nguvu ya wastani. Amplifaya ilipokosa nafasi ya kupanda ilivikata vilele vya mawimbi, na fundi, kwa kuwa besi haikuongezeka, akazidi kuifungua. Wimbi lililokatwa kichwa na kuwa bapa hubeba karibu mara mbili ya nguvu ya wimbi la duara. Wati 500 zikaelekea 1,000, mfululizo, na kila koili ikapewa 500 badala ya 300. Kilichoiua ni joto. Ile harufu ya vanishi ilikuwa ya waya wa koili.

Wapo watakaokuambia kwamba amplifaya ndogo huunguza spika na kubwa huiokoa. Ni nusu ya kweli. Kubwa hupitisha vilele bila kuvikata, na wastani hubaki chini, mradi anayeishika ana adabu. Mikononi mwa fundi yuleyule, amplifaya kubwa ingeziunguza sabufa zetu mapema zaidi.

Sabufa tulizochagua hubeba wati 600 za mfululizo kila moja, kwa omu 8. Nne zikigawanywa mbilimbili, kila upande wa amplifaya unaona omu 4 na uwezo wa wati 1,200. Ningeweza kuzifunga zote nne upande mmoja, lakini omu 2 ni mzigo unaozichosha amplifaya nyingi, hata zile zinazodai kuumudu. Nimependekeza amplifaya inayotoa takriban wati 2,000 kila upande kwenye omu 4: karibu mara moja na nusu hadi mbili ya uwezo wa mfululizo wa spika. Wanaotarajia kishindo maradufu kwa kuongeza wati maradufu watasikitika, kwani kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli tatu tu. Ili sikio likiri kuwa sauti imekuwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi. Fedha ya ziada ni afadhali iende kwenye sabufa nyingine.

Pamoja nayo kuna limita, inayoweka dari ambayo mkono wa fundi hauwezi kuivuka, na kichujio kinachozuia masafa ya chini kabisa. Sabufa zenye tundu hupoteza mhimili chini ya masafa zilizotengenezewa. Koni hucheza ovyo bila kutoa sauti hadi ichanike. Wapo watakaosema tungenunua sabufa zenye amplifaya ndani yake, ambazo zimeenea tangu miaka ya 1990 na kwazo mtengenezaji ameshayafanya mahesabu haya yote. Kwa ukumbi mdogo ningewaunga mkono. Sisi tuna mafundi wa kujitolea, na kitu kikiharibika katikati ya harusi nataka kiwe kimoja kinachobadilishika.

Palikuwa na mabishano kuhusu uzito. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuziacha transfoma za chuma na kutumia ugavi wa umeme wa swichi, kisha amplifaya zenyewe zikawa za swichi. Clive Sinclair wa Uingereza alikuwa ameuza amplifaya ya namna hiyo, X-10, tangu mwaka 1964, na ilikuwa mbovu kwa kuwa transista za wakati ule zilikuwa za polepole. Powersoft ya Florence, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni miongoni mwa waliolifanya wazo hilo likubalike jukwaani. Leo wati 4,000 hubebwa kwa mkono mmoja. Ila chunguza: baadhi ya amplifaya hizi nyepesi hutoa nguvu yote kwa sehemu ya sekunde tu, kisha hushuka. Kwa pigo la ngoma hilo halionekani. Kwa besi ya kinanda cha taarabu ya kisasa, inayoshikilia noti moja hadi mwimbaji amalize ubeti, utasikia pumzi ikiisha. Niliomba nijaribu mbili kwa noti ndefu, na moja niliirudisha siku ileile.

Hata umeme wa ukumbi una mpaka. Soketi ya Uingereza hutoa takriban wati 3,000, na katika kumbi nyingi za jamii jukwaa na jiko huchangia saketi moja. Nimewaandikia akina mama wa kamati ya chakula kuwaomba birika kubwa la chai lichomekwe upande wa pili. Bado hawajajibu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua daftari la jumuiya katika ukurasa wa mwaka 2011, ambako lile deni lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu. Akaandika hundi mbili. Ya kwanza, ya pauni 640, ilikwenda kwenye mfuko wa maiti. Ya pili akanikabidhi mimi.